Kaporali hakuogopa baruti

Mpendwa tata, baba yangu,

Jumapili, mwezi wa tatu tangu tukuzike, mbwa wako Kaporali alianguka jikoni. Miguu ilikakamaa, taya zikagongana, povu likamtoka. Nilitazama saa: dakika mbili. Nakuandikia kwa sababu ilikuwa Jumapili, na Jumapili mgodini hawalipui.

Ulilipua miamba ya mgodi wa Mashamba miaka yote niliyosoma. Ulipostaafu, kila king'ora cha saa kumi kilipolia ulikaa barazani, ukaweka kiganja kwenye kifua cha Kaporali, ukangoja mshindo. Akitetemeka ulimwambia, "Tulia, mukubwa, ni baruti tu." Jirani yetu, mama Odia, alipiga kelele juu ya ukuta: "Mbwa ya mutu ya baruti anaogopa baruti! Kaporali, rudisha cheo!" Tukacheka. Hata alipoanguka kabla ya king'ora, tulisema masikio ya mbwa yamesikia mapema. Hapa ukuta ukipasuka au mtoto akishtuka, mtaa mzima unajua wa kulaumu: mgodi.

Mimi ninayeishi kwa kuuliza maswali, hilo moja sikuliuliza: siku isiyo na mlipuko, anatetemeka?

Daktari wa mifugo alimsikiliza moyo kwa muda mrefu. "Mama, huyu iko na kifafa," aliniambia. "Na moyo yake inaruka. Ubongo ikishtuka, moyo nayo inaweza kushtuka." Akanieleza kwamba moyo wa mbwa mzima huongeza mwendo akivuta pumzi na kuupunguza akiitoa, huo si ugonjwa. Wa Kaporali unaruka bila kufuata pumzi. Dawa ya kifafa ameanza. Mashine ya kupima moyo itafika kutoka Lubumbashi Alhamisi.

"Ataishi hadi Alhamisi?"

"Sijui, mama. Uwe unahesabu mapigo yake."

Kwa hiyo nahesabu. Siku zako za mwisho uliniambia, "Ule mbwa, usimuache peke yake." Nilikuwa niende Kisenge kuandika habari; nimewaambia gazetini wamtume mwingine.

Leo king'ora kimelia. Nyumba imetikisika, vikombe vimegongana kabatini. Kaporali hakuinua hata kichwa. Nadhani hakuwahi kuogopa, tata. Alikuwa anaumwa, nasi tulimtuliza. Kiganja changu kiko pale kilipokuwa chako. Pigo, pigo, kimya. Nangoja linalofuata.

Wewe pumzika. Zamu ni yangu.

Binti yako wa kwanza