Ufa Kwenye Kona ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe tangu uliponiandikia. Mwambie dawa azinywe zote, asichague zile tamu. Mimi mwili hauna neno. Kikohozi kile kimeniacha. Tabu yangu iko kwingine, na nimeona nikuandikie kuliko kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninakotaka kufika.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, nami hukujibu kwa mkato. Mshipa wa damu ukiziba karibu na moyo, daktari huweza kuingiza ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba. Kinaitwa stenti. Huingia kikiwa kimebanwa juu ya puto dogo. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kushikilia kuta za mshipa, kisha puto hutolewa na wavu hubaki humo maisha yote. Sisi ndio tunaouchora wavu huo. Wewe fundi cherehani utanielewa: kitambaa cha kufuma ukikivuta kwa upana, urefu unapungua. Wavu wangu ulikuwa na ugonjwa huo huo. Ukitanuka unafupika, na kipande cha mshipa kinaachwa bila mshikizi. Nilihangaika nao miaka mitatu.

Ndipo akaajiriwa mhandisi mmoja tuliyempachika jina la Taratibu, kwa sababu hata chai yake huinywa ikiwa imeshapoa. Mimi ndiye niliyepewa kumwelekeza kazi. Baada ya miezi minane tu, Taratibu alibadilisha umbo la viungo vinavyoshikanisha pete za wavu, pete zikirudi nyuma viungo vikawa vinanyooka mbele, na urefu ukabaki pale pale. Mhandisi mkuu, mama asiyesifu mtu ovyo, alituita mmoja mmoja tuchungulie kwenye hadubini. Nilipiga makofi kuliko wote. Ndani, dada, kijicho kilinishika.

Tangu hapo sikuwa na raha. Nilikuwa nahesabu mara ngapi mhandisi mkuu anamtaja mkutanoni. Hata mpokea wageni, ambaye mimi hanioni mpaka nikohoe, alikuwa akimwuliza ameamkaje. Nilianza kumchukia kwa mambo ya kipuuzi: anavyochonga penseli, anavyosema asante kwa kila kitu. Yeye hakunikosea lolote. Kila alipochora kitu kipya alikuja kwanza mezani kwangu kuniuliza naonaje, nami nikimwambia si kibaya, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Stenti zake zikawekwa kwenye mashine ya mapigo. Ni mirija yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, inayozidunda mchana na usiku, ili miaka mingi ya moyo imalizike katika miezi michache. Zamu ya kuzikagua ilikuwa yangu. Wakati huo huo madaktari wa hospitali waliotaka kuzijaribu kwa wagonjwa wakaalikwa mkutanoni waje kumsikiliza Taratibu. Siku hiyo nilivaa ile blauzi ya kola uliyonishonea. Utashangaa kwa nini nilijipamba siku ya mwenzangu, nitakwambia.

Taratibu alisimama mbele ya watu, na badala ya kujisifia akaonyesha picha ya stenti yake ikiwa na ufa. Alisema, "Wavu huu hauko tayari. Umepasuka kwenye kona ya tatu, na ufa nimeuona jana." Akaeleza kwamba kijiti cha wavu kikikatika ndani ya mtu kinaweza kuchoma mshipa au kugandisha damu. Kisha akanigeukia, akasema asingeuona kama nisingemfundisha, wiki yake ya kwanza, kuinamisha kona kuelekea mwanga. Daktari wa moyo akanipa mkono. Mhandisi mkuu akatangaza kwamba majaribio yanasogezwa mbele, na kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni mkuu wa ukaguzi.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Ufa ule mimi niliuona wiki tatu kabla yake. Niliupiga picha, nikaifungia dawatini, na kwenye fomu nikaandika kuwa ukaguzi unaendelea. Siku ya mkutano picha ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimepanga kungoja asifiwe mpaka ashibe, halafu ninyooshe mkono na kuuliza swali la upole. Blauzi ilikuwa ya hiyo kazi.

Sikuweza kukaa na sifa ile. Mkutano ulipoisha nilimkuta akiosha kikombe, nikamwekea picha mbele yake. Aliitazama tarehe.

"Siku hii nilikuuliza kama umeona kasoro," alisema. "Ukaniambia bado."

Nikamwambia ni kweli. Akakausha mikono, akasema, "Nenda wewe mwenyewe ukamwambie mhandisi mkuu. Mimi sitakusemea."

Nilikwenda. Mhandisi mkuu hakufoka. Aliniuliza tu kama ningenyamaza iwapo mkutano usingefanyika na stenti zingepelekwa hospitali. Nilisema nisingenyamaza. Na mimi mwenyewe, dada, sikuwa na uhakika kama nimesema kweli. Nimeondolewa kwenye ukaguzi wote, nina barua ya onyo, na sasa kila ninachochora hupitiwa na Taratibu. Ananisalimia kila asubuhi. Michoro yake haileti tena mezani kwangu.

Ungedhani kijicho kimeniisha. Hakijaisha, kimehama tu. Zamani nilimwonea wivu kwa wavu wake. Siku hizi namwonea wivu kwa vile alivyosimama mbele ya wageni akasema kazi yake mwenyewe ina ufa, kisha akaketi na kunywa chai.

Nisalimie shemeji na wanao. Najua mama ameshawatangazia majirani cheo changu; mwambie kilidumu saa mbili, na sababu mweleze wewe, kwa maneno yako, ila usinipambe.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere