Mlango wa Gari Usiguswe

Mama watoto,

Gari nimeliacha uani, nimekwenda kazini kwa miguu. Mlango wa dereva usiguswe mpaka jioni, rangi bado mbichi. Watoto wasicheze mpira upande ule.

Asubuhi nilimkuta mama yako ameinama kwenye gari, anasugua kinyesi cha ndege kwa waya wa kuoshea sufuria. Kinyesi kimetoka. Na rangi nayo imetoka. Akaniambia, "Baba, leo utang'ara barabarani." Nilimshukuru. Alipoingia kuoga nikapiga msasa laini, nikafuta vumbi, nikapaka rangi kwa kale kaburashi ka kwenye kichupa cha rangi ya gari. Ilipokauka kidogo nikarudia. Ukisimama mbali huoni kitu. Usisogee karibu.

~~Mwambie asiguse tena gari langu.~~

Hapana, usimwambie. Huyo mama ananipenda kukushinda wewe, sitaki kuharibu. Akiuliza, sema gari limependeza.

Kikaratasi hiki kichane kabla hajapata miwani yake.

Na waya wa sufuria usiutafute. Nimeondoka nao mfukoni.

Baba watoto