Miisho ya Naomi

Jumanne, 3 Agosti 1993

Sauti ile bado iko sikioni. Kavu, fupi, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa kwa mara moja. Niliisikia siku niliyorudi nyumbani baada ya kumaliza shule, sanduku bado mkononi. Ilitoka stoo. Nikadhani Dada Naomi anachana mfuko wa saruji awashie jiko. Akatoka, akanikumbatia, mikono inanuka mafuta ya taa.

Sijui kwa nini nimeikumbuka leo. Labda ni upepo. Agosti hapa Mkiwa kila kitu kinapasuka, midomo, visigino, udongo.

Nimeosha vyombo vya mchana. Nimekaa juu ya magunia ya alizeti nyuma ya hoteli yetu, nimesoma sura moja. Huwa sura moja tu, hata moyo ukitaka mbili. Sisomi kitandani. Silambi kidole ndipo nifunue ukurasa. Sirukiruki. Kitabu cha sasa kinahusu fundi cherehani aliyemkimbia baba yake. Kizuri. Watu wake wanasalimiana kama watu, hawakimbilii kutoa siri ukurasa wa kwanza.

Kama kawaida, kurasa za mwisho hazipo.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimemaliza cha fundi. Yaani nimefika palipokatika.

Vitabu vyetu vyote viko hivyo. Vinakuja na mabasi. Shabani, kondakta, anaviokota kwa abiria na kumpa Naomi, naye anamwekea chai na maandazi. Naomi anasoma kwanza. Ni sheria ya nyumba yetu tangu utoto: mkubwa hunawa kwanza, hupakua kwanza, husoma kwanza. Kikinifikia mimi, mwisho umeshakatika. "Wamefungia karanga," anasema Naomi. "Nilikiwahi kabla hakijakatika." Kisha ananisimulia ulivyokuwa huku anachambua mchele.

Leo amenisimulia. Fundi alirudi usiku wa mvua, akamkuta baba amevaa shati alilomshonea akiwa mwanafunzi, limebana mabega. Hawakusemezana. Akachukua sindano, akaachia mshono.

Nimelia juu ya magunia. Hakuna anayemaliza kitabu kama waandishi hawa.

Ijumaa, 6 Agosti

Jina langu limetoka tena. Chuo cha ualimu, kule Iramba. Kuripoti mwisho wa mwezi huu.

Mwaka jana pia lilitoka. Sikwenda. Nilikuwa nasoma kitabu cha Zaina, binti wa mlinzi wa reli anayemwacha mama yake mgonjwa aende kusomea uuguzi. Kwenye ukurasa wangu wa mwisho alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya treni. Naomi akanimalizia. Zaina alishuka. Akajitwika sanduku, akarudi kwa miguu, akakuta mama amepika uji wa watu wawili bila kujua kama kuna wa pili.

Asubuhi yake nilifungua sanduku langu na kurudisha nguo kambani. Hakuna aliyenishika mkono. Mama ana nyonga mbovu, Naomi yuko peke yake jikoni, nami nikajiona mimi ni Zaina. Mpaka leo sijawahi kumwambia mtu kwamba ni kitabu ndicho kilichonibakiza.

Nisiende tena? Naomi hajasema kitu. Anakoroga tu.

Jumamosi, 7 Agosti

Singida Mjini, kununua mchele na mafuta. Duka la vitabu la zamani sasa linauza thermos na mabeseni. Wenye vitabu wamehamia chini, sokoni, kwenye maturubai kati ya mitumba na betri. Ruksa kila kitu.

Nilikiona pale pale. Zaina. Jalada lile lile la kijani, ila hiki kinene kidogo. Nikamwambia muuzaji, mzee mwenye kofia ya sufi, kwamba nakipenda kuliko vyote, hasa pale Zaina anaposhuka kwenye treni na kuukuta uji.

"Uji gani, mwanangu?"

Nikamwambia.

Kulikuwa na mama mmoja amechuchumaa anachagua. Akacheka mpaka akashika turubai. "Zaina ashuke? Labda Zaina wa kwenu. Huyu wa kwetu alipanda, akafika, akaolewa na daktari!"

"Huyu amekisomea jikoni," mzee akasema, kwa upole, kama anayemtetea mtoto.

Nimekinunua kwa hela ya viatu. Sikukifungua garini. Nilikipakata kama kitu kinachoweza kumwagika.

Jumapili, 8 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo.

Zaina hakushuka.

Treni iliondoka. Mama yake alimpungia mkono, akarudi kupukuchua mahindi. Basi. Hakufa, hakupika uji, hakungoja. Zaina akasoma, akaolewa, na kurasa tatu za mwisho ni mawaidha kwa vijana kuhusu bidii. Mabaya. Hata mimi ningeandika vizuri zaidi.

Nimesoma mara ya pili. Treni iliondoka tu.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimejaribu kumtetea. Labda amesahau. Labda amechanganya na kitabu kingine. Mtu anayesoma amesimama, mwiko mkono mmoja, anaweza kuchanganya.

Lakini nimepanga miisho yote kichwani, na yote ni mmoja. Fundi alirudi. Yule karani alirudi. Yule mwizi wa ng'ombe alirudi, na ng'ombe. Nilikuwa najisifu kwamba nimegundua kitu kuhusu vitabu vyetu, kwamba vina moyo wa kurudi nyumbani. Nilikiandika shuleni kwenye insha. Mwalimu alikizungushia kalamu nyekundu na kuuliza, "Mfano?" Nilimwona hajasoma vya kutosha.

Aibu inachoma zaidi ya hasira.

Jumatano, 11 Agosti

Basi la Shabani lilisimama mchana. Wachuuzi wakalivamia na kuku wao na mayai. Nilimpelekea chai mwenyewe, Naomi akiwa ndani.

Nikamuuliza kama vitabu anavyotuletea huwa vimechanika.

Alikasirika. "Vimechanika? Dada mdogo, mimi nilete kitabu kibovu hoteli hii, dada yako anipe andazi? Kile cha cherehani nimekimaliza mwenyewe, Manyoni mpaka hapa. Kizima kama yai."

"Yule fundi aliishia wapi?"

"Si alifungua duka lake. Baba hakumwona tena." Akanywa. "Kwani wewe hukusoma?"

Nikasema nilisoma.

Ndipo ikarudi ile sauti ya stoo. Haikuwa saruji.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimemuuliza. Jikoni, anakanda unga. Niliweka kitabu cha Zaina juu ya meza, nikakifungua mwisho.

Hakukana. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, jinsi ambavyo hakujaribu hata kukana. Alifuta mikono, akasoma mstari mmoja, akasema, "Hiki cha kwako kimewekwa jalada vizuri."

Nikamuuliza kurasa ziko wapi.

"Nimewashia jiko. Unadhani chai ya Shabani inachemka kwa maombi?"

Nikamuuliza kwa nini. Sikupaza sauti. Yeye ndiye aliyepaza.

"Kwa sababu wote wanaondoka! Kila kitabu! Nakisoma mpaka mwisho, naona msichana anafunga mzigo, nasema haya, na huyu wangu ataondoka. Mimi niliishia la saba, Esta. Nikaingia kwenye moshi huu ili wewe usome. Sikukuonea wivu. Mwanzo wote nilikuachia, na katikati yote. Nilitaka mwisho tu."

Wateja waligeuza shingo. Mama akaita kutoka ndani kuuliza nini kimevunjika.

Nilisema kitu kibaya. Nilisema tangu lini wa la saba anamtungia wa kidato cha sita. Alirudi kwenye unga, akaupiga na kuupiga.

Ijumaa, 13 Agosti

Hatusemezani. Salamu tu, kwa kuwa mama anasikiliza. "Shikamoo dada." "Marahaba." Neno linapita kama sarafu mbovu.

Mwaka mzima. Amenilia mwaka mzima wa maisha yangu. Na mimi namshukuru kila jioni, nalia, namwambia tena, rudia pale pa uji.

Jumamosi, 14 Agosti

Sijasoma chochote. Mara ya kwanza tangu nijue kusoma. Nikichukua kitabu namwona yeye amekishika kabla yangu.

Jumanne, 17 Agosti

Jambo baya kuliko yote, na ni lazima niliandike mahali.

Miisho yake ni mizuri zaidi.

Nimejitahidi kuupenda mwisho wa kweli wa Zaina. Siwezi. Daktari yule hana uso. Mawaidha yale yananuka chaki. Nikifumba macho Zaina anashuka, na mama amekaa kwenye moshi na bakuli mbili. Naomi alilitunga lile akichambua mchele. Pengine alilitunga huku ananitazama, akipima ni neno lipi litanifunga. Alijua napenda nini kuliko mtu yeyote duniani, na akakitumia.

Adui asingeweza. Adui hajui unapenda nini.

Alhamisi, 19 Agosti

Mama ameniita. Alinikalisha kwenye kitanda chake, akanyoosha mguu.

"Nasikia mnagombana juu ya Zaina. Zaina ni nani, ameolewa na nani hapa Mkiwa?"

Nikamweleza yote. Chuo, mwaka jana, uji. Alisikiliza muda mrefu.

"Kwa hiyo mwaka jana ulikaa kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuuliza? Mimi nina nyonga mbovu, sina kichwa kibovu. Ungeniuliza ningekwambia nenda." Akanisukuma na fimbo, kidogo, begani. "Mmoja anatunga, mwingine anaamini. Nimezaa wasomi."

Nilicheka. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka. Ni kweli sikumuuliza. Niliuliza kitabu.

Jumanne, 24 Agosti

Naomi ameweka kitabu kipya juu ya magunia yangu. Kizima, mpaka neno la mwisho. Hajakisoma, kurasa bado zimeshikana pale kiwanda kilipokata vibaya. Ameivunja sheria ya mkubwa kwanza. Najua maana yake. Najua kilichomgharimu.

Sijakigusa. Upepo umekijaza vumbi.

Jumatatu, 30 Agosti

Chuoni. Niliripoti Jumamosi. Nimepewa kitanda cha juu, dirisha linatazama mawe makubwa na mbuzi wa mtu. Wenzangu wa bwenini wana kelele na wema. Mmoja ameniuliza napenda vitabu gani. Nimesema bado sijui.

Siku ya kuondoka Naomi alikuwa anageuza maandazi. Hakugeuka. Shabani alipandisha sanduku langu, akapiga ubavu wa basi. Mama alisimama mlangoni, akainua fimbo.

Leo nimekwenda kwa msimamizi wa bweni. Nimeomba likizo ya Desemba nibaki hapa, nitunze kuku na bustani ya shule. Alishangaa, akasema wote hulilia kurudi kwao. Amekubali. Nimeshamtuma Shabani amwambie mama asinitarajie. Mama atamwambia Naomi.