Koti la Fundi wa Majengo

Mpendwa Baba,

Cherehani yako bado ipo pale pale kwenye baraza ya mtaa wa Majengo, na mimi ndiye ninayeitumia. Wateja wako wa zamani wamepungua. Wengi siku hizi wananunua mitumba, kwa hiyo mimi nashona sare za shule na kupunguza suruali. Lakini leo nakuandikia kuhusu koti lako la kijivu, lile la sufu ulilojishonea mwenyewe, kwa sababu nimelifanyia kazi na hukuwepo nikuombe ruhusa.

Mwaka huu kampuni kadhaa za filamu na runinga zilikuja Nyeri kufundisha kazi za nyuma ya kamera. Walisema wanapata vijana wenye vyeti ambao kazi yenyewe hawaijui, basi mafundi wao watafundisha wenyewe kwa miezi mitatu, na watakaofaa wataingia moja kwa moja kwenye tamthilia itakayopigwa picha Endarasha. Kulikuwa na sauti, taa, uhariri na mavazi. Nikajiandikisha mavazi. Nina miaka arobaini na sita. Darasa zima lingeweza kuwa wanangu, na waliniita Mathe tangu asubuhi ya kwanza.

Mwalimu wetu aliitwa Nafula, mwanamke mfupi ambaye amewavalisha waigizaji Nairobi kwa miaka mingi. Hakufundisha kwa daftari. Alituambia tumvalishe mzee mmoja wa kwenye ile tamthilia, fundi wa nguo ambaye amevaa koti moja karibu maisha yake yote. Nikashona koti, nikalipiga pasi, halafu nikalipaka tope la shambani. Nafula akaligeuzageuza mezani.

"Hii ni koti mpya imepakwa matope," alisema. "Mwenye hii koti ako wapi?"

Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku la bati nikatoa koti lako. Tangu tukuzike sikuwa nimeligusa. Nikalitandaza kitandani nikalipapasa kwa vidole, kama ulivyonifundisha kukijua kitambaa. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimelika kuliko cha kushoto, kwa kuegemea meza ya cherehani. Kola ilikuwa imepauka pale ulipokuwa ukining'iniza futi ya kupimia. Mfuko mmoja ulikuwa umelegea kwa uzito wa mkasi. Tope halikuwepo hata kidogo. Ulikuwa mtu safi.

Kesho yake nililipeleka darasani kuwaonyesha. Mwongozaji wa tamthilia alikuwa amekuja kututazama siku hiyo. Alipoliona tu akasema hakuna haja ya kushona tena, mzee wake atavaa hilo hilo. Waliotakiwa upande wa mavazi walikuwa wawili tu, na nilijua kumkatalia kungeweza kunitoa. Hata hivyo nilimwambia koti hili halivaliwi na mtu mwingine, ila akinipa siku nne nitamletea pacha wake. Hakufurahi. Nafula ndiye aliyemwomba asubiri.

Zile siku nne zilinitesa, Baba. Nilichemsha kitambaa kwenye majani ya chai kiwe kama cha zamani, nikashona koti, nikasugua kiwiko kwa msasa, nikakwaruza pindo kwa wembe, nikatia mawe mfukoni na kulitundika mpaka likalegea. Wewe ulikuwa ukinifumulisha mshono mzima kwa ajili ya uzi mmoja uliojitokeza, sasa nilikuwa nazivuta nyuzi nje kwa makusudi. Mkono ulikuwa ukigoma. Mara mbili niliacha nikaenda kupika chai, kisha nikarudi.

Nilichukuliwa, mimi na msichana mmoja wa Kiriaini anayejua rangi kunishinda.

Siku ya kwanza Endarasha kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Mwigizaji alivaa koti, akaja kuelekea kamera, mikono mifukoni. Nikaona kuna kosa. Kazi yetu ni nguo, hatumwambii mwigizaji atembeeje, lakini Nafula aliniona nikinung'unika peke yangu akaniambia niseme. Nikasema fundi hatumbukizi mikono mfukoni hivyo, kwa sababu mle ndani huwa mna pini. Mwigizaji akatoa mikono taratibu, akaitazama. Mwongozaji akaniuliza nimejuaje.

"Baba yangu alikuwa fundi," nikasema. "Hiyo koti nimeiga yake."

Watu wote pale walisikia, kisha tukarudia kupiga picha ile. Wao walisahau. Mimi sikuweza, kwa sababu nilikuwa sijawahi kulisema hilo mbele ya watu nikiwa nimeinua kichwa.

Nilipokuwa kidato cha pili ulikuja shuleni siku ya kutembelewa, umevaa koti hilo, umebeba kikapu cha mkate na ndizi. Wasichana niliokuwa nao walikuwa wametembelewa na wazazi wenye magari. Wakaniuliza huyu ni nani. Nikasema ni jirani yetu, ametumwa kutoka nyumbani. Ulikuwa umesimama karibu, na ulisikia. Ukawasalimia mmoja mmoja kwa mkono.

"Ndiyo, mimi ni jirani," ukawaambia. "Baba yake ako na kazi mingi leo."

Ukanipa kikapu, ukaondoka. Likizo ilipofika ulianza kunifundisha kukata kola, na jambo la shuleni hukulitaja, siku hiyo wala baadaye. Mimi nilidhani kutolitaja ni kulimaliza. Nilingoja mpaka ukafa.

Jumatatu kundi jipya linaanza, na Nafula ameniomba nimsaidie kufundisha. Nimekubali. Nina hakika kuna atakayeuliza nilisomea wapi, na nitawaambia bila kuzunguka: barazani, kwa baba yangu.

Pumzika, Baba. Nisamehe ile siku ya shuleni.

Ni mimi,
Binti yako