Kitufe cha Pembeni

Nguba, Bukavu, Jumanne jioni

Nimemficha Nsimire sababu. Binti yangu anadhani ni ukaidi wa uzee tu unaonifanya niikatae sura mpya ya kompyuta.

Leo ameshinda akiirudishia sura ya zamani: mstari wa bluu chini, na kitufe cha kuanzia kwenye pembe ya kushoto. Katika mfumo mpya wamekihamishia katikati, na huko mimi hukipoteza. Pembeni nasukuma souris, hiki kipanya cha mkononi, mpaka inakwama, nabonyeza, basi.

"Papa, mu Bukavu yote ni weye tu unarudisha machine nyuma!"

"Fanya tu, maman," nikamwambia mwanangu. " Hata viatu vyangu viko vya zamani, na haujalalamika."

Akacheka. "Na rangi, iko bien?"

"Iko bien sana," nikajibu upesi mno.

Nimechoka kusifia. Moyo wangu hauna safari ndefu, daktari hakunificha. Nikimwambia Nsimire sababu ninayoificha, ataacha kufundisha aje kunishika mkono humu ndani, na darasa lake analipenda. Nikifa kimya, atakuja kuambiwa na daktari, kisha atajilaumu maisha yake yote kwamba tuliishi nyumba moja na hakujua. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Kesho kabla hajaenda shuleni nitasema. Vidole bado vinazijua herufi, basi nijaribu maneno hapa kwanza.

Nsimire, mwanangu, sioni tena. Uso wako sijauona tangu Pasaka.