Diski Tuliyoihamisha Mama Akisubiri

Katesh

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kahawa huko Mbinga imeshaanza kuiva? Mimi ni mzima, ila wiki hii nimetetemeka kweli.

Umeme ulikatika, uliporudi kwa nguvu ukaunguza kompyuta ya mashine yetu ya kupima wajawazito. Asubuhi hiyohiyo akaja Gidamis, mfugaji wa huku chini tambarare, na mkewe mwenye mimba kubwa. Mkewe alikuwa ametokwa damu, kisha ikakoma. Nikawaambia waende hospitali kubwa. Gidamis akakataa.

"Damu imekoma, nesi. Kama huna cha kunionyesha, tunarudi nyumbani."

Mkewe akakaa chini. "Mimi siondoki."

Nikampigia fundi wetu aliyeko Babati. Akasema, "Toa diski, uihamishie kwenye kompyuta nyingine na mfumo wake wote. Ile programu ni ya zamani, mpya hutaipata."

Nikafungua kompyuta ya mapokezi, nikatoa diski yake, nikaweka ile ya kompyuta iliyoungua, nikaiunganisha na mashine. Ikawaka, skrini ikawa ya bluu, ikazima. Nikajaribu tena, vilevile. Gidamis akasimama, akachukua fimbo yake.

"Fundi, imekataa!" nikasema kwenye simu.

"Kompyuta hiyo inaisoma diski kwa namna mpya, mfumo wa zamani hauijui. Ingia kwenye mipangilio kabla mfumo haujaanza, chagua usomaji wa zamani."

Mama, nilibonyeza huku naomba Mungu. Skrini ikabaki nyeusi hata nikakata tamaa. Halafu ukurasa wetu wa kazi ukafunguka.

Nikampaka yule mama jeli, nikapima. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia yote. Nikamwonyesha mumewe kwa kidole.

"Baba, mtoto anatakiwa apite hapa. Uchungu ukimkuta nyumbani, damu haitazuilika."

Akatazama sana. Kisha akauliza, "Gari liko wapi?"

Wamempasua huko hospitali kubwa, mtoto ni wa kike. Mama mtu aliongezewa damu, na siku mbili hatukujua kama atapona. Jana Gidamis akaja, akasimama mlangoni, hakutaka kiti.

"Leo amemnyonyesha," akasema, akajifunika uso kwa shuka lake.

Msalimie baba, na mdogo wangu Fidelis asome kwa bidii. Shangazi Oliva, mkunga wetu, mwambie amwombee huyu mzazi mpaka atembee.

Mwanao akupendaye,
Skolastika