Vipimo vya Jumapili

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi. Bosi kanitia kinyaa!

Unakumbuka nilivyopima kompyuta kuu ya hospitali? Wauguzi wote wakiingia kwenye mfumo kwa mpigo, diski zinachukua sekunde tisa kuleta faili moja la mgonjwa. Sekunde tisa!

Bosi kavifuta vipimo vyangu. Kaonyesha kikaoni vyake vya Jumapili, mfumo ukiwa mtupu. "Nusu sekunde tu," anasema, huku anatabasamu. Anatabasamu!

Nikasema Jumapili hakukuwa na mtu kwenye mfumo. Akanijibu mbele ya wote, "Dada, wewe pima, kusema niachie mimi."

Daktari mkuu, naye alikuwamo kikaoni, akampigia muuguzi wodini simu ya spika: "Fungua faili lolote, uhesabu sekunde kwa sauti."

Tulisikia wote. Alifika kumi na moja ndipo faili likafunguka.

Bosi akaninong'oneza, "Umeniaibisha." Yaani wagonjwa hata hakuwataja!